Barua ya wazi: dakika 38 mnazijua, miaka 24 ya Jenerali Mathews mmeiweka wapi?

Kwa Waheshimiwa wote mliokabidhiwa makumbusho, majengo ya kale na masomo ya historia hapa Zanzibar,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

YAH: KUKOSEKANA KWA HABARI ZA SIR LLOYD MATHEWS, JENERALI NA WAZIRI WA KWANZA WA ZANZIBAR

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, mie ni mtembeza wageni hapa Mji Mkongwe, nina leseni, sio papasi, wale wanaowavizia wageni mitaani bila leseni. Barua hii ilianza kama barua ya kawaida ya ofisini, niliipeleka ofisi moja ambayo sitoitaja maana sina ugomvi na waliomo, wakaipokea vizuri wakaigonga muhuri wakanambia tutakupigia simu. Simu haikuja. Nikaenda kuuliza nikaambiwa faili limepanda juu, nikaenda tena nikaambiwa mwenye faili yuko semina bara. Sasa sote tunajua faili likishapanda juu huwa halikumbuki njia ya kushuka, ndo maana nimeamua kuliandika hapa hadharani, mlisome nyie na wengine walisome, kwa heshima zote lakini bila kuzungukazunguka.

Lalamiko lenyewe ni hili. Sisi Zanzibar tunauza vita vya dakika 38, vile vya manowari za Waingereza na Sultani Khalid mwaka 1896. Mgeni anashuka boti keshavijua, "vita vifupi kuliko vyote duniani", anataka aoneshwe kasri ilipokuwa, apige picha, acheke kidogo, kisha aende Forodhani akale urojo. Na sie tunampa. Vitabu vyetu navyo vinampa mtoto wa skuli hichohicho, sultani mbishi, mizinga, bendera ikashuka, kwisha. Lakini nchi haiondoki mikononi mwa watu kwa dakika 38, iliondoka pole pole kwa miaka, na aliyekuwepo mwanzo mpaka mwisho wa shughuli hiyo ni mtu mmoja ambae ukiwauliza vijana 10 pale Darajani jina lake hatokujibu hata mmoja. Hilo ndo nalilalamikia, na ntaeleza kwa nambari.

1. Hamtwambii huyu mtu alikuwa nani.

Lloyd William Mathews kazaliwa Funchal kisiwa cha Madeira, tarehe 7 Machi 1850, baba yake mtu wa Wales. Miaka 13 tu kaingia jeshi la majini la Uingereza, akapigana vita vya Ashanti kule Afrika Magharibi mwaka 1873 na 1874, akatoka na cheo cha luteni. 1875 akaletwa huku kwenye HMS London, lile limeli kongwe lililotia nanga hapa bandarini kama kambi, vijana wake wanatoka kwa mashua kwenda kuvizia majahazi yaliyobeba watumwa.

Mwaka 1877 Seyyid Barghash, sultani wa wakati ule, akataka jeshi la mtindo wa Kizungu. Askari aliokuwa nao walikuwa wa kukodi, Mabulushi na Waarabu. Mumkumbuke pia Barghash huyu alishapigwa na kimbunga cha 1872 kilichomvunjia merikebu zake na kung'oa mikarafuu ya Unguja, na 1873 akalazimishwa kutia saini kufunga soko la watumwa, kwaiyo alikuwa anatafuta nguvu popote. Waingereza wakamwazima Mathews. Akaanza na watu 300, na hapa ndo penye jambo, akachukua Waafrika, akawafundisha gwaride na bunduki, serikali ya Uingereza ikatoa bunduki 500 za Snider, baada ya miaka michache jeshi likapindukia watu 1,000. 1881 akaacha kabisa jeshi la majini la kwao akawa Brigedia Jenerali wa Zanzibar. Umri wake miaka 31! Siku hizi miaka 31 mtu bado anatafuta ajira ya muda.

Na alifanya kazi, tusimdhulumu. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa HMS London aliuliwa huko baharini Pemba na jahazi la watumwa lililokuwa likipeperusha bendera ya Ufaransa, Mathews akaenda na askari wake mpaka Wete akamkamata nahodha Hindi bin Hattam, yule akafa kwa majeraha. 1885, Carl Peters, yule Mjerumani mtafuta koloni, keshapita Usagara na mikataba yake ya ujanjaujanja, Barghash akamtuma Mathews mpaka Kilimanjaro na mamangi, yaani machifu wa Kichaga, wakakubali bendera nyekundu ya Zanzibar. Haikusaidia kitu. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikaja zikajipanga mbele ya kasri na mizinga yao, na serikali ya Uingereza, ileile iliyomwazima jenerali, ikamwambia Barghash kubali tu. Mwaka 1886 wakubwa wakagawana, Seyyid akabakishiwa visiwa na ukanda wa maili 10 wa pwani.

1888 ndo kabisa. Kampuni ya Wajerumani imeshika Pangani, watu wamechachamaa, Abushiri bin Salim kaongoza, Mathews akapelekwa na Sultani Khalifa kwenda kutuliza. Watu wa Pangani wakamkatalia, akarudi. Mie hapo pananivutia sana kwasababu ni mara ya kwanza watu wa mwambao wanamwambia waziwazi kwamba hawaoni tena huyu ni mtu wa sultani au mtu wa nani. Nyie mnayo hii popote kwenye kuta zenu? Kama ipo nioneshwe, ntakuja na wageni wangu kesho asubuhi.

2. Mnaruka 1891.

Huu ndo mwaka wenyewe jamani. Tarehe 4 Novemba 1890 Zanzibar ikatangazwa iko chini ya himaya ya Uingereza, hiyo inafundishwa, sawa. Lakini Oktoba 1891 balozi Gerald Portal akaunda serikali mpya, hazina ina Mzungu wake, forodha ina Mzungu wake, polisi, posta, ujenzi hivohivo, na Sultani Ali bin Said akapangiwa posho kila mwaka kama mstaafu. Juu ya hao wote akawekwa Waziri wa Kwanza, nae ni Lloyd Mathews. Sultani hana ruhusa ya kumfukuza. Mathews mwenyewe anawajibika kwa balozi wa Uingereza tu. Yaani mtu alieingia miaka 14 nyuma kama muajiriwa wa Seyyid, sasa yeye ndo anamgawia Seyyid pesa za matumizi, na askari wale wale waliolipwa kutoka hazina ya Zanzibar wanapokea amri zake.

Ukilijua hilo basi vita vya 1896 vinasomeka vyengine kabisa. Kwanza Khalid bin Barghash hakuanza 1896, alishaingia kasri 1893 alipokufa Sultani Ali, akatolewa, akawekwa Hamad bin Thuwaini. Hamad nae akaomba apewe ruhusa ya kuwa na walinzi wake wa kasri, akaruhusiwa mpaka watu 1,000, haikuchukua muda wakawa wanagombana na polisi wanaoongozwa na Waingereza. Jiulize, sultani mwenye jeshi anaomba walinzi wa nini? Jeshi halikuwa lake tena, ndo jibu, na hapana bango linalosema hivo.

Hamad kafa tarehe 25 Agosti 1896, Khalid akaingia tena. Mathews na kaimu balozi Basil Cave wakaenda kumuonya, akakataa. Asubuhi ya tarehe 27, saa 3 na dakika 2, manowari za Admeri Rawson zikaanza kupiga, St George, Thrush, Racoon, Sparrow na Philomel zote zimejipanga hapo mbele ya mji. Saa 3 na dakika 40 hivi mizinga ikanyamaza. Meli ya sultani, ile Glasgow, ikazama na milingoti yake ikabaki inachungulia bandarini kwa miaka. Ndani ya kasri walikuwemo kama watu 2,800, wengi raia na watumishi na watumwa wa nyumba, na waliouawa na kujeruhiwa wanakadiriwa 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Mmoja.

Sasa nani alikuwa pale nchi kavu pamoja na Waingereza? Askari 900 wa Zanzibar, wa Jenerali Mathews, wakiongozwa na Luteni Arthur Raikes. Wazanzibari hao! Mgeni mmoja niliwahi kumwambia hili akanitazama kama nimemharibia safari. Tunasimulia kama vile ni meli dhidi ya kasri, wakati wapo watu wa mji huuhuu waliokuwa pande zote mbili, na pengine wanajuana kwa majina. Anaetaka kujua kwanini vilikwisha haraka aanze kuhesabu 1877.

Mchana ule ule Hamoud bin Mohammed akakalishwa. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, akatoroshwa kwenda Dar es Salaam, Waingereza wakaja kumkamata 1916, akahamishwa mbali, akafia Mombasa 1927. Habari zake huyu angalau watu wanazo kidogo.

3. Utumwa mnausimulia nusu.

Hapa ntasema kwa uangalifu maana ni pagumu. Kila siku tunawapeleka wageni pale kanisani Mkunazini palipokuwa soko, tunawaeleza minyororo, kisha tunawaambia Waingereza wakaja wakaukomesha. Mathews kweli ujana wake kautumia kufukuza majahazi ya watumwa, na sina shaka aliuchukia ule ukatili. Lakini alipokaa kwenye kiti cha serikali yeye na balozi Arthur Hardinge walikuwa miongoni mwa waliosema twende taratibu, watumwa wakiachiwa kwa mpigo karafuu zitaoza juu ya miti na hazina itakauka. Wa kelele walikuwa huko Uingereza, vyama vya kupinga utumwa na wale Wakristo wa dhehebu la Kweka, ndo waliokuwa wanaibana serikali yao.

Amri ikatoka Aprili 1897, sahihi ni ya Sultani Hamoud. Na ilikuwaje? Mtumwa hakuamka asubuhi akakuta yuko huru. Ilibidi aende mwenyewe mahkamani aombe, aoneshe ana pa kukaa na kazi ya kumuweka mjini au shamba, asipokuwa nayo anaweza kuhesabiwa mzururaji. Bwana wake ndie anaelipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa humo, wao mpaka 1909. Mtu aliemenyeka miaka 20 kwenye mikarafuu ya Pemba hakulipwa hata pesa moja, aliekuwa anammiliki kalipwa. Hilo si la kusimuliwa? Mtoto wa Pemba hana haki ya kujua kwanini bibi yake alibaki shamba lile lile baada ya uhuru?

Naomba nieleweke, sisemi Mathews alikuwa shetani, wala simtetei. Nasema mtu yule yule aliemfukuzia Hindi bin Hattam mpaka Wete ndo alieogopa mikarafuu isichumwe, na nyie mnatupa nusu ya mwanzo peke yake kwasababu ni tamu.

4. Askari hawana majina.

Jenerali ana jina, Raikes ana jina, meli zina majina. Wale 900 na wale 500 hawana. Hili ni fupi lakini ndo linaloniuma kuliko yote.

5. Lugha.

Maelezo mengi ninayokutana nayo mjini yako kwa Kiingereza kwanza, Kiswahili kikiwepo kimebanwa chini kwa herufi ndogo na kimetafsiriwa na mtu ambae nadhani hakuwa na haraka ya kueleweka. Historia ya Mzanzibari anaisoma mgeni, mwenyewe anapita nje na baiskeli.

Sasa najua mtakayojibu, nimeshajibiwa mengine kwa mdomo.

Mtasema huyo mkoloni, tumkumbuke wa nini. Waheshimiwa sijaomba sanamu, wala sijaomba barabara iitwe jina lake, Mungu apishie mbali. Kumjua alietuendeshea nchi si kumtukuza. Mbona soko la watumwa tunalionesha? Tena tusipomsimulia sie wanamsimulia wao, nao wakimsimulia anakuwa mtu mwema aliekuja kutukomboa, akapewa u-Sir 1894, akafa kwa malaria tarehe 11 Oktoba 1901 akiwa kazini, akazikwa hukuhuku Unguja kwa heshima zote za kijeshi. Yote hayo ni kweli. Lakini hebu ongezeni kwamba kile kiti chake hakikuzikwa nae, alierithi ni A. S. Rogers, na 1902 Sultani Hamoud alipofariki mwanawe Ali bado mdogo, huyo Rogers akawa ndie msimamizi wa dola mpaka 1905. Mfumo uliowekwa 1891 uliendelea kutembea bila ya yeye.

Mtasema ni mambo ya siasa, ukigusa masultani na watumwa na nani Mwarabu nani Mwafrika unachokonoa ya 1964. Hili nalielewa na silidharau. Ila mnadhani hayazungumzwi? Yanazungumzwa kila jioni barazani, bila tarehe, bila karatasi, kila mtu na sultani wake na mtumwa wake wa kubuni. Mkiyaweka ukutani yakiwa na ushahidi angalau tutagombana juu ya kitu kilichotokea.

Mtasema wageni hawapendi hadithi ndefu. Wanapenda, niamini mie ninaekaa nao. Wasiopenda ni wale wanaosubiriwa na basi.

Mtasema pesa hakuna, na Beit el Ajaib lenyewe, lile jumba la makumbusho, upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, tuonesheni wapi. Kweli ile ilikuwa msiba, watu walifariki. Lakini bango la mbao au bati haliwezi kuwa gharama ya kuangusha wizara. Na mkisema karatasi zote ziko London, sio zote, Nyaraka za Taifa pale Kilimani kuna makabati na makabati ya karatasi za serikali ya zama zile, za mabalozi na za serikali ya sultani, tatizo ni kwamba anaekwenda kuzisoma ni mwanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya, akimaliza anaandika kitabu cha dola 90 ambacho sie hatukinunui.

Baada ya hayo naomba yafuatayo, na sidhani kama ni makubwa.

Kwanza, liwekwe bango pale ufukweni mbele ya kasri, Kiswahili juu kwa herufi kubwa na lugha nyengine chini, lieleze vita vya tarehe 27 Agosti 1896 pamoja na 1877 na 1891, na liseme wazi kwamba askari wa Zanzibar walikuwa pande zote mbili.

Pili, kitabu cha historia cha skuli kiongezwe sehemu juu ya serikali ya Waziri wa Kwanza, nani alikuwa anamjibu nani, pesa za forodha zilikwenda wapi, sultani alibakiwa na nini. Kurasa 4 zinatosha, hatuombi juzuu.

Tatu, watafutwe vijana wetu, hata wa kujitolea, wakae Kilimani wapekue kama kuna orodha za askari wa Mathews na daftari za mahkama za walioomba uhuru kuanzia 1897. Yatakayopatikana majina yatolewe, familia nyengine zitajitambua.

Nne, mafunzo ya watembeza wageni yawe na somo hili. Sasaivi tunafundishwa kutabasamu na kutofautisha mdalasini na mdalasini wa porini, tarehe tunaokoteza wenyewe.

Tano, mnijibu. Hata kwa kukataa. Mkisema hapana kwa maandishi na sababu zake ntashukuru kuliko kuambiwa faili limepanda juu. Ningeomba jibu liwe limetoka kabla ya tarehe 27 Agosti inayokuja, maana siku hiyo mie na wenzangu tutakuwa pale ufukweni tangu saa 3 kasoro tukiwaeleza watu habari hizi kwa Kiswahili bure, mwenyeji na mgeni, na yeyote kati yenu akija tutampa nafasi aseme.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika kazi,
Mtembeza wageni,
Mji Mkongwe, Unguja.

Nakala kwa:
Walimu wa historia Unguja na Pemba
Watembeza wageni wenzangu
Mwenye faili, akirudi semina